Mchana ukaguzi, usiku CPA: kwa wewe unayeanza Dar

Ukipata nafasi ya kujifunza kazi kwenye ofisi ya wakaguzi hapa Dar huku unasoma CPA, yaani mitihani ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa, usikimbilie kununua vitabu. Anza na kalenda. Mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, hufanyika Mei na Novemba. Wateja wengi hufunga mwaka wao wa hesabu 31 Desemba, na ritani ya kodi ya mapato ya kampuni inatakiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, ndani ya miezi 6, maana yake 30 Juni. Kwa hiyo Januari hadi Juni ofisi nzima haikaliki, na Mei iko humo humo. Aprili usitegemee huruma ya mtu.

Angalia kanuni za Bodi kuhusu kugawa masomo, halafu yapange. Mimi nasema hivi, na wapo watakaonibishia: taarifa za fedha na kodi zipeleke Novemba, Mei chukua Ukaguzi na jingine moja unalolimudu. Ukaguzi wa Mei unakukuta bado una vumbi la stoo kwenye viatu. Wanaorundika masomo yote Mei ili wamalize mapema huwa nakutana nao tena Novemba. Na barua ya kuomba ruhusa ya mtihani iandike Januari, kabla mwandamizi, yaani mkaguzi anayeongoza timu yako, hajapanga nani anakwenda kwa mteja gani. Ukishapangiwa Mwanza wiki ya mtihani, kukuchomoa ni shughuli.

Sasa kazi yenyewe. Kila sehemu ya faili utakayopewa ina kiwango chake cha kimataifa, na jioni hiyo hiyo ndiyo ya kukisoma. Umepewa mali ghalani, fungua IAS 2, kiwango cha uhasibu wake, na ISA 501, cha ukaguzi wake. Umetumwa kuandaa barua za kuthibitisha salio la benki na la wadaiwa, soma ISA 505. Kurasa chache tu, lakini zina sura ya mtu na namba ya ankara, kwa hiyo hazitoki kichwani.

Chukua zoezi la kuhesabu mali, ambalo wageni wote hutupiwa kwa sababu wakubwa hawataki kukesha Desemba 31 kwenye godauni la Vingunguti. Vaa viatu vya kufunika, beba maji na kalamu mbili. Kumbuka wenye mali ndio wanaohesabu. Wewe unatazama wanavyohesabu, kisha unarudia sampuli yako. Sampuli hiyo iende pande zote mbili. Chagua vitu kwenye orodha ukavitafute sakafuni, ujue kama kweli vipo. Halafu chagua vitu sakafuni ukavitafute kwenye orodha, ujue kama kuna kilichoachwa. Wanafunzi wengi hukariri upande wa kwanza tu, na mtunga mtihani anapenda wa pili. Ndoo za rangi zikiwa zimepangwa mraba mpaka karibu na bati, omba ngazi, panda juu, maana katikati panaweza kuwa patupu. Fungua katoni za ndani kabisa, achana na zile za mlangoni.

Kuna godauni moja mzee wa stoo aliniona nahesabu rundo karibu na mlango.

"Hizo ziache, mwanangu. Zimeshauzwa. Mwenyewe anakuja Jumatatu."

"Sawa mzee. Naomba basi nione ankara yake."

"Ankara itatoka hiyo Jumatatu, akifika."

Hapo ndipo penyewe. Ankara haijatoka, mzigo haujatoka, mwaka unafungwa usiku huo. Uuzaji ukiandikwa Januari na rundo lisihesabiwe, mali ya Desemba inapungua bila sababu. Ukiandikwa Desemba, itabidi uulize kama mnunuzi alikuwa ameshaichukua mali kuwa yake, na hilo ni swali la IFRS 15, kiwango cha mapato ya mauzo, siyo la mzee wa stoo. Usibishane naye. Hesabu rundo, liandike peke yake, kisha nakili namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mali na ya mwisho ya kutolea. Februari, ukiwa ofisini na vitabu vya mauzo mbele yako, namba hizo mbili ndizo zitakazokuambia kipi ni cha mwaka upi.

Vocha za malipo zinachosha, lakini somo la kodi liko humo. Shika risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, uisome yote: jina la mnunuzi ni la mteja wako au la dereva wake? TIN, yaani namba ya mlipakodi, na namba ya usajili wa VAT zipo? Ile 18% imekokotolewa juu ya kiasi sahihi? Kama ni malipo ya huduma kwa mkazi, 5% ya kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa, ilikatwa na ikapelekwa TRA? Ukishazisoma risiti za mwezi mzima hivyo, sheria ya VAT haikutishi tena. Piga nakala za risiti hizo, kwa sababu karatasi yake hufifia na ukija kuipekua miezi michache baadaye unakuta nyeupe.

Utapewa faili la mwaka jana ulifuate. Lisome, ila usinakili tu. Mteja aliyekuwa na duka moja Kariakoo pengine sasa ana matatu, na anauza kwa lipa namba. ISA 230 inataka mkaguzi mzoefu ambaye hakuwepo kwenye kazi hiyo aelewe ulichofanya kwa kusoma karatasi zako. "Nimetiki, yako sawa" hakumwelezi chochote. Andika ulichagua nini, kwa kigezo gani, ukalinganisha na nini, ukakuta nini, ukafikia uamuzi gani. Jibu la mtihani linajengwa vivyo hivyo, kwa hiyo mwandamizi anayekurudishia karatasi zikiwa na wino mwekundu anakufundisha bure. Mshukuru hata kama ana mdomo.

Muda wa kusoma ndiyo vita. Anayekaa Kimara ajue ndani ya mwendokasi wa asubuhi hasomi mtu, unashukuru ukipata pa kushika. Panda ule wa alfajiri, fika Posta mapema, soma ofisini kabla simu hazijaanza kulia. Jumamosi Maktaba Kuu pale Bibi Titi kuna utulivu. Mitihani iliyopita ifanye kwa saa: dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 20 lisivuke dakika 36, hata kama mizania imegoma kulingana. Ukienda darasa la jioni, mambo ya mteja yaache ofisini. Mjini hapa aliyekaa nyuma yako anaweza kuwa mhasibu wake.

La mwisho ni daftari la uzoefu. Kufaulu masomo pekee hakukupi usajili wa CPA, Bodi inataka pia kazi uliyofanya chini ya msimamizi. Kila wiki andika kazi uliyoifanya, ukimtaja mteja kwa alama badala ya jina, na upate saini. Waandamizi huhama ofisi bila kuaga, na kumtafuta mtu aliyehamia Arusha akusainie kazi ya miaka miwili nyuma ni usumbufu mtupu. Mpelekee Ijumaa mchana, akiwa ametoka kula na kabla hajafunga kompyuta.