Kusikiliza mwendo wa kwanza wa kwarteti ya nyuzi

Anza na kwarteti ya mtunzi Haydn katika ufunguo wa D maina, Opasi 76 namba 2 (kazi ya pili katika kundi lake la 76), iliyochapishwa 1799: fidla mbili, viola na selo. Tega sikio mwanzoni kabisa mwa mwendo wa kwanza, yaani sehemu yake ya kwanza. Fidla ya kwanza inapiga noti nne, mipigo miwili kila moja: A ikishuka D, kisha E ikishuka A. Ziimbe mpaka zikukae, maana Haydn hazipi pumziko. Hata muziki ukihamia ufunguo wa F meja, bado zimo, safari hii zimejificha. Sehemu hii yote ya mwanzo, yaani utangulizi wa dhamira (mawazo makuu ya muziki), hurudiwa, na hapo ndipo wengi hupotea wakidhani maendelezo, yaani sehemu ya kati, yameanza. Maendelezo huhamahama funguo. Zile noti nne zikirejea kwa D maina, marejeo, yaani sehemu inayorudisha dhamira za mwanzo, yameanza. Ukipotea, fuata selo.