Jinsi ya Kutambua na Kurekodi Tofauti za Maumbile Unapopasua Maiti ya Mafunzo

Michoro ya vitabu vya anatomia huonyesha mpangilio unaopatikana kwa watu wengi zaidi, wala si mpangilio wa kila mtu, na kwa sababu hiyo mwanafunzi anayepasua maiti kwa makini hatakaa sana kabla ya kukuta mshipa uliopita pasipotarajiwa au msuli usiokuwapo kabisa. Kuukuta si kazi. Kazi ni kuthibitisha kwamba ndivyo mtu huyo alivyozaliwa, kisha kulieleza jambo hilo kwa namna itakayomfaa daktari atakayemhudumia mgonjwa mwenye umbile kama hilo.

Anza kwa kukishuku kisu chako mwenyewe. Neva (mishipa ya fahamu) nyembamba za chini ya ngozi huondoka pamoja na mafuta bila mtu kujua, na miundo mingi inayotangazwa kuwa "haipo" imepotezwa na haraka tu. Kitu kilichokatwa huacha ncha mbili zinazoelekeana; kisichokuwapo tangu mwanzo hakiachi ncha. Kagua na ngozi pia, maana kovu chini ya mbavu za kulia laweza kukujulisha kwamba mfuko wa nyongo uliondolewa hospitalini.

Mfano mwepesi ni msuli mwembamba wa kigasha uitwao palmarisi longusi, ambao kano yake (kamba inayounga msuli na sehemu unayoivuta) hupita katikati ya kifundo cha mkono. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja kidogo, na kano hiyo itainuka chini ya ngozi. Isipoinuka, huenda wewe ni mmoja wa watu wengi tu wasio nayo, na mkono wako haupungukiwi nguvu kwa kiasi cha kukusumbua. Umuhimu wake huonekana pale mpasuaji anapotaka kuichukua kano hiyo ili kuunga nyingine iliyokatika. Neva ya mediani, mojawapo ya neva kuu za mkono, iko chini yake tu, na imewahi kutokea neva hiyo ikachukuliwa kwa kudhaniwa kuwa ni kano.

Ukisharidhika kwamba hukuharibu kitu, fuata mshipa kutoka unapochipuka hadi unapoishia, ukitenganisha tishu kwa ncha butu badala ya makali. Mshipa haupewi jina kwa sababu ya mahali ulipoonekana. Chukua mfano wa ateri ya ulna, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye kigasha na kiganja upande wa kidole cha mwisho, inayochipuka juu, kwenye mkono karibu na kwapa, kisha ikapita juu ya misuli ya kigasha badala ya kuzama chini yake. Kwenye kiwiko itaonekana ikilala kando ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ngozini kama mwenzao, lakini ukiibana kwa koleo utahisi ukuta mnene, na ukiikata mdomo wake hubaki duara ilhali ule wa vena hulala bapa. Kwa mgonjwa aliye hai hakuna nafasi ya kukata na kutazama: dawa iliyokusudiwa kuingia kwenye vena ikiingia kwenye ateri hiyo yaweza kuziba damu ya vidole hadi vikaoza. Ndiyo maana inafaa kupapasa mapigo mahali pa kuchoma sindano kabla ya kufunga mpira mkononi.

Tofauti moja mara nyingi huja na mwenzake, na hapa ndipo wengi huacha kazi katikati. Ukikuta ateri ya subklavia ya kulia, inayopeleka damu mkono wa kulia, ikitoka mwisho wa upinde wa aota (ateri kuu itokayo moyoni) na kupita nyuma ya umio, usiishie hapo, bali itafute neva ya sauti ya upande huo. Kwa kawaida neva hiyo hushuka, huizunguka ateri, kisha hupanda hadi kwenye zoloto, kiungo cha sauti kooni. Hapa, kwa kuwa ateri haikuumbika mahali pake, neva haina cha kuzunguka na huenda moja kwa moja kutoka neva ya vagasi, neva kubwa ya shingoni inakochipuka. Mpasuaji wa tezi ya shingo asiyelijua hilo aweza kuikata na kumwachia mgonjwa sauti ya kukwaruza.

Kwenye figo, hesabu ateri zote. Ateri ya ziada si akiba, kwani kila moja hulisha sehemu yake pekee, na ikifungwa sehemu hiyo hufa.

Katika kurekodi, piga picha yenye rula kabla ya kusogeza chochote, bila kuonyesha uso. Pima umbali kutoka kwenye alama ya mfupa isiyohama, andika upande, kisha pasua upande wa pili ulinganishe. Taja pia idadi ya miili iliyopasuliwa, maana asilimia haitoki kwenye mwili mmoja. Mwishoni andika ni tiba ipi ingehatarishwa na umbile hilo na katika hatua gani. Ukikosa la kuandika hapo, liache wazi badala ya kubuni.