Kulinganisha mbinu za ufungamano wa jeni kwa sifa nyingi

Ufungamano ni jeni na alama ya kijenetiki iliyo karibu nalo kurithiwa pamoja katika familia. Chambua familia zilezile kwa mbinu tatu, utapata alama tatu za LOD (kipimo cha nguvu ya ushahidi wa ufungamano) zisizolingana. Usikimbilie iliyo kubwa. LOD 3 ya sifa moja, kwa mbinu ya vijenzi vya varianzi (inayogawa tofauti za sifa kati ya watu kwa vyanzo vyake), ina thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ya takribani 0.0001. Sifa mbili zikichambuliwa pamoja, jeni huongeza vipimo vitatu vya kukadiria: varianzi mbili na kovarianzi moja (kiasi sifa hizo zinavyobadilika pamoja). LOD 3 hiyohiyo, ikipimwa kwa kai-mraba ya digrii 3 za uhuru (moja kwa kila kipimo), ina p ya takribani 0.003, yaani ushahidi dhaifu zaidi.

1. Ondoa athari za umri na jinsia kwa regresheni, kisha kagua mabaki, yaani kinachosalia. Mikia minene (thamani za mbali nyingi kupita kawaida) huvimbisha LOD ya vijenzi vya varianzi hata pasipo jeni lolote. Panga mabaki kwa vyeo, uyageuze yafuate usambazaji wa kawaida.

2. Kokotoa mara moja uwezekano wa ndugu kurithi aleli (toleo la jeni) ileile kutoka kwa mhenga mmoja, utumie matokeo hayo kwa mbinu zote.

3. Endesha mbinu: kila sifa peke yake, kijenzi kikuu cha kwanza (mchanganyiko wa sifa unaobeba tofauti kubwa zaidi kati ya watu), na sifa zote kwa pamoja.

4. Tafuta kizingiti cha kila mbinu, yaani LOD ya chini kabisa ya kukubaliwa kuwa ushahidi. Acha sifa, koo na mapengo ya data yalivyo. Bunia waasisi wa ukoo (wasio na wazazi katika data) alama mpya za kijenetiki na uzirithishe hadi vizazi vya chini, mara 1000. Kila mara chukua LOD ya juu kabisa katika jenomu nzima. Zipange kuanzia ndogo: ya 950 ndiyo kizingiti cha asilimia 5. Kwa sifa mojamoja, chukua ya juu kati ya sifa zote. Bonferroni (kugawa kiwango cha p kwa idadi ya sifa) ni kali mno sifa zikiwa na korelesheni.

5. Sasa pima nguvu, yaani uwezo wa mbinu kugundua jeni lililopo. Pandikiza jeni bandia, uhesabu ni mara ngapi kila mbinu inavuka kizingiti chake. Hapa wengi hujidanganya kwa kujaribu mwelekeo mmoja tu. Jeni likivuta sifa mbili kinyume cha korelesheni yao ya jumla, uchambuzi wa pamoja hung'ara, ilhali kijenzi kikuu cha kwanza huweza kulipoteza kabisa, maana kinafuata varianzi kubwa, si jeni. Jaribu pande zote mbili.

Modeli ya pamoja ikikwama, hasa korelesheni ikiganda kwenye 1 au -1, ianzishe upya kwa makadirio ya sifa mojamoja. Usiitupe mizunguko ya uigaji iliyokwama: kizingiti kitapotoka.