Vile Utachambua Sura ya Crown Mpya Kabla Hujasema Ni Mbaya

Kila Toyota ikitoa Crown mpya watu wa Nakuru hugawanyika, kuna wale wa "hii sasa wameharibu" na kuna wale wa "hii ni Lexus ya mtu mwenye akili", na ukiwauliza wote wawili ni nini hasa wameona utaskia tu "aaah, si unaona mwenyewe". Sasa haya ni maelezo ya vile unaweza kuangalia sedani ya kifahari yenye imetengenezwa na kampuni ya kawaida, ile ile inauza Probox na Vitz, alafu utoe maoni yenye yatasimama hata ukibishiwa na watu watano wa Subaru. Nitatumia Crown sana juu ndiyo tunaona zaidi huku, lakini njia ni ile ile kwa Kia K9 ama Genesis.

Kwanza mjue mnaongea gari gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mtumba yenye imepita miaka 8, kwa hivyo "mpya" kwa wengi wetu ni ile Crown ya kizazi cha 15 ilitoka Japani 2018, na wakati huo huo kwa simu tunaona kizazi cha 16 cha 2022, na hicho kizazi cha 16 si gari moja, ni sura nne: Crossover, Sport, Sedan na Estate, tena Sedan yenyewe ilitoka Novemba 2023. Kwa hivyo mtu akisema "Crown mpya ni mbaya" muulize gani. Mara nyingi ubishi unaishia hapo, yeye alikuwa na Crossover kwa kichwa na wewe una Sedan.

Alafu ziba logo. Kama ni picha weka kidole gumba juu yake, kama ni gari yenyewe jifanye huioni. Hii si mchezo, maoni mengi ya gari ni maoni ya beji. Si tunajua Harrier ya zamani, ile ya kwanza ya 1997, huko nje iliuzwa kama Lexus RX, Lexus ikiwa ni beji ya kifahari ya Toyota wenyewe, na hapa kwetu watu wametoa logo ya Toyota wakabandika ya Lexus na ghafla jirani anaiona gari imependeza. Altezza nayo ndio Lexus IS ya wenzetu. Bati ni ile ile. Hyundai walijua hii maneno vizuri, walipotoa Genesis 2008 ile ya kuuzwa Marekani haikuwa na beji ya Hyundai kwa grili ya mbele, na mwisho wa 2015 wakaamua tu Genesis iwe kampuni yake. Kwa hivyo jiulize kwa ukweli: hii gari ingekuwa na nyota ya Benzi hapo mbele ningesema bado ni mbaya? Kama jibu ni hapana, wewe shida yako ni beji, na hiyo ni sawa, lakini usiite sura.

Sasa enda kando. Watu wote hukimbilia uso wa gari, taa na grili, na hapo ndio hupotea. Gari ya bei inaonekana kwa ubavu. Simama mbali kidogo, kama ni Kenyatta Avenue vuka upande ule mwingine wa barabara, uangalie ile nafasi iko kati ya tairi ya mbele na mahali mlango wa mbele unaanzia. Hiyo nafasi ndio macho yako husoma kama pesa hata kama hujui. Gari yenye inasukumwa na magurudumu ya nyuma, injini imelazwa kwa urefu, tairi ya mbele inaweza kwenda mbele sana na boneti ikawa ndefu. Gari yenye inavutwa na magurudumu ya mbele injini imewekwa kwa upana, kila kitu kimejazana pale mbele, tairi inarudi karibu na mlango na pua inabaki imetokeza. Crown ya 2018 na Crown Sedan ya 2023 ni za kusukuma nyuma. Crossover imejengwa kwa msingi wa jamii moja na Camry. Kwa hivyo ukisema "Crossover inakaa Camry imepandishwa juu" hujatusi mtu, umesema ukweli wa bati, na ndio maana waliipa magurudumu makubwa na mgongo wa kushuka polepole, wanavuta macho yako yasione ile nafasi ni fupi. Na mimi naona walifaulu, kusema ukweli, kuliko vile nilitarajia.

Ukiwa bado kando angalia vipimo, juu kuna malalamiko yenye vipimo vinaeleza vizuri kuliko maneno. Crown ya 2018 ina urefu wa milimita 4,910 lakini upana ni 1,800 tu, na huo upana hawakukosea, waliubana makusudi juu barabara na maegesho ya Japani ni membamba. Ndio maana ukiisimamisha karibu na BMW 5 Series inakaa imebanwa mabega. Ukiwa unaongea na mtu anasema "haina mwili", mwambie yuko sawa, ni upana, si urefu. Sedan ya 2023 ikaenda 5,030 kwa 1,890, na kati ya ekseli na ekseli milimita 3,000 kamili, hiyo sasa ni gari ya kukaa nyuma ukisoma gazeti huku dereva anapambana na malori ya Salgaa.

Kitu kingine cha ubavu ni nguzo ya nyuma, ile inashikilia paa baada ya mlango wa nyuma. Crown za zamani zilikuwa na nguzo nene na kabeji ka crown kamebandikwa hapo, abiria wa nyuma alikuwa anafichika kabisa, mzee mwenye gari haonekani na watu wa stendi. 2018 wakaikata wakaweka kadirisha ka tatu nyuma ya mlango ndio ikae ya Kizungu. Mimi hapo ndio nilishindwa nao. Ni safi, ndio, lakini ukitoa ile nguzo umetoa kitu chenye Benzi na BMW hawakuwa nacho. Mwaka huo huo walizika pia majina ya matoleo ya Crown, Royal na Athlete, kwa hivyo wale wa kubishana "yangu ni Athlete" waliachwa bila hoja.

Magurudumu nayo yana kanuni rahisi yenye watu wa kuchora magari hutumia: pima kwa macho kama tairi tatu zinaweza kuingia kati ya tairi ya mbele na ya nyuma, na kama tairi mbili ukizipandanisha zinakaribia kufika paa. Crossover zile za bei ya juu zina rimu za inchi 21, tatu zinaingia karibu kabisa, na kwa urefu mbili zinafika karibu na paa. Crown ya 2018 yenye rimu za inchi 17 inazidi hiyo kanuni vizuri, kuna nafasi imebaki, ndio unaona inakaa kama mtu mzima amevaa viatu vya mtoto wake. Fundi atakuambia weka rimu kubwa. Sawa, lakini jua rimu ikiongezeka mpira unapungua, tairi kwa jumla inabaki karibu saizi ile ile, kwa hivyo umebadilisha vile inaonekana kidogo tu na matuta ya Kiamunyi sasa unayaskia kwa kiuno.

Sasa ndio ukuje mbele. Kwa uso nakupa swali moja tu: hii grili ina kazi ama inapiga kelele? Kampuni ya kawaida ikitengeneza gari ya bei huwa na wasiwasi, inaogopa hautajua ni ya bei, kwa hivyo inafungua mdomo. Crown Athlete ya 2012 ilikuwa na grili imekatwa kama radi, na Toyota hata wakauza zingine za rangi ya pinki, si utani. Watu walicheka, alafu baada ya miaka kadhaa macho yakazoea na leo hizo ndio vijana wanatafuta. Kia nao 2006 walimchukua Peter Schreyer kutoka Audi, yule alihusika na Audi TT, akawapa ile pua yenye imebanwa katikati yenye hadi leo unaijua ni Kia kabla uone logo. Hiyo ni kazi nzuri, kelele kidogo, jina moja.

Upande ule mwingine kuna Volkswagen Phaeton ya 2002. Ferdinand Piëch, aliyekuwa bosi wa Volkswagen, aliwajengea kiwanda cha vioo pale Dresden, injini ya silinda 12 kwa wale wanataka, kila kitu, alafu sura wakaipa upole wa Passat kubwa. Haikuuza vile walitaka na 2016 ikaisha. Wenye wanajua magari wanaiheshimu mpaka leo lakini ukiipitisha Section 58 hakuna mtu atageuka, ataona Passat imefura. Kwa hivyo ukimlaumu mtu wa Toyota kwa grili kubwa mkumbuke na Phaeton pia, ukiwa mpole sana unalipa.

Nyuma ya gari siku hizi hakuna mengi. Kila mtu ameweka mstari mmoja wa taa kutoka kona hadi kona na jina limetawanywa kwa herufi moja moja. Pita haraka. Swali la maana ni la fundi: huo mstari ukigongwa na bodaboda pale Free Area, unanunua kipande ama unanunua wote? Uliza bei ya spea kabla usifie.

Kuhusu picha, tafadhali usijaji gari kwa picha ya mnada wa Japani peke yake. Picha ikipigwa karibu na simu, pua inavimba na nyuma inanywea, gari yoyote inakaa chura. Tafuta picha imepigwa kutoka mbali alafu ikavutwa. Na ukipata kuiona ana kwa ana usiiangalie ikiwa imetoka tu kuoshwa, gari yenye maji hakuna mbaya, watu wa Kisumu waliokuwa wakioshea gari ufuoni pale Lwang'ni wanajua hii siri. Ingoje ikauke, uende saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala, ufuate mwangaza kwa ubavu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Ule mstari wa mwanga ukienda bila kukatika katika, mchoro ni mzuri na pia hiyo gari haijawahi kupitia kwa fundi wa bodi. Unapata maoni na ukaguzi kwa wakati mmoja. Rangi nyeusi itakupa mstari mzuri zaidi lakini na vumbi yetu ya Januari utaufurahia mpaka saa mbili asubuhi.

Ndani sitakaa sana. Keti nyuma, si mbele, gari ya aina hii iliundwa kwa mtu wa nyuma. Gusa mahali mkono unakaa na chini ya mahali hapo, kampuni ya kawaida huficha plastiki yake ngumu hapo chini. Skrini kubwa si urembo, ni skrini.

Imebaki vile utaongea. Ukiwa na mzee atakuambia hakuna sedani imewahi kushinda Peugeot 504, na usimbishie ovyo, juu hiyo gari ilishinda Safari Rally 1975, na 1978 ikashinda tena ile ya milango miwili, na zile ndefu za kubeba abiria kwenda Nairobi ndizo zilimlea. Mwambie tu, "Mzee, ile buti yake ilivyokatwa ikashuka, siku hizi hawathubutu," ataona unajua na atakuskiza ukifika kwa Crown. Ukiwa na vijana wa rika lako usiseme "mbaya", sema mahali: nafasi ya mlango ni fupi, mabega yamebanwa, nguzo imepotea. Mtu hawezi kukujibu "ni maoni yako tu" ukiwa umemwonyesha na kidole.

Na kama ni mwenye gari mwenyewe amekuuliza "sasa unaionaje?", na bado analipa mkopo, chagua kitu kimoja chenye unapenda kweli, sema hicho kwa undani, alafu uulize inakula mafuta aje. Atasahau kukuuliza kuhusu grili.