Kuandaa Boila kwa Ukaguzi Kanuni Zinapobadilika

Nchini Kenya, boila (mtambo wa kuchemsha maji ili kutoa mvuke) ya kiwanda cha chai, au hata ile ya kufulia nguo hospitalini, iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya viwanda. Sheria hiyo inataka boila ya mvuke ichunguzwe kikamilifu na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja katika kila miezi 12.

Kanuni zikibadilishwa, usikimbilie kununua vifaa. Soma kwanza tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, hasa vifungu vya mpito, yaani vinavyoeleza jinsi ya kuhama kutoka kanuni za zamani kwenda mpya, kwa kuwa sheria mpya haifuti kila kitu: kanuni za kelele za mwaka 2005 ziliendelea kutumika baada ya sheria iliyozizaa kufutwa. Kisha chukua cheti cha mtengenezaji na ripoti za nyuma, ulinganishe presha ya juu kabisa iliyoruhusiwa na mstari mwekundu wa geji, yaani kipimo cha presha kilicho kwenye boila. Zikipishana, mwite mkaguzi kabla ya kuwasha moto.

Uchunguzi wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza hufanywa boila ikiwa baridi. Iache ipoe yenyewe, maana kuiharakisha kwa maji baridi kunaweza kulegeza mabomba kwenye maungio yake. Mwaga maji, fungua matundu ya kuingilia, ondoa masizi upande wa moto. Upande wa maji, mwulize mkaguzi kama angependa kuuona ukoko wa chokaa kabla haujakwanguliwa, kwani unene wake humweleza mengi kuhusu utunzaji wa maji, pengine kuliko daftari la fundi. Ikiwa boila kadhaa zinatumia bomba moja la mvuke, mtu asiingie ndani mpaka mabomba yatenganishwe, au valvu zote zinazoweza kupitisha mvuke au maji ya moto zifungwe kwa kufuli. Ufunguo akae nao yeye anayeingia.

Sehemu ya pili hufanywa boila ikiwa na presha yake ya kawaida ya kazi, na ndiyo ambayo mameneja wengi huiona usumbufu kwa sababu uzalishaji unasubiri. Hapo valvu ya usalama hurekebishwa ifunguke kabla ya kikomo kupitwa, kioo cha maji, kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila, hupulizwa kuhakikisha njia zake hazijaziba, na king'ora cha maji machache hujaribiwa. Mkaguzi akishusha kikomo cha presha, valvu irekebishwe papo hapo, na ripoti iambatishwe kwenye rejista.