Namna ya Kuandaa Mechi ya Kirafiki kati ya Timu ya Chuo Kikuu na Vijana wa Akademia

Mechi ya kirafiki kati ya wanafunzi wa chuo kikuu na vijana wa akademia huharibika mara nyingi kabla filimbi haijapigwa, kwa sababu kila upande umekuja na mechi yake kichwani. Wakubwa wanaogopa aibu ya kufungwa na watoto, vijana wanataka kuonekana, na wenye kuandaa wanahesabu watazamaji. Ninaandika haya kwa ajili ya viongozi wa timu za wanafunzi hapa Lubumbashi wanaotaka kuandaa mechi ya namna hiyo vizuri, nami nitaazima mengi kutoka katika mchezo ambao mjini kwetu hauchezwi, yaani hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani, kwani wenzetu hao wamezoea jambo hili kwa miaka mingi.

Tangu mwaka 1996 shirikisho la hoki la Marekani, USA Hockey, lina programu ya kitaifa ya kulea vijana, ambayo ilianzia Ann Arbor katika jimbo la Michigan na tangu 2015 ina makao yake Plymouth, katika jimbo hilo hilo. Timu yake ya vijana wa chini ya miaka 18 hucheza kila msimu na timu za vyuo vikuu, ambazo wachezaji wake wengine wamepita miaka 22. Kwa upande wa vyuo, mechi hizo hazihesabiwi katika msimamo wa ligi, wala katika hesabu ya kuamua ni vyuo gani vitaingia katika mashindano ya taifa. Kwa nini basi wanacheza? Kijana wa miaka 17 anayewashinda wote wa rika lake hana tena anayemlazimisha kufikiri haraka, na kocha wa chuo naye anahitaji siku ya kuwatazama wachezaji wa akiba bila kuogopa kupoteza pointi. Patrick Kane na Auston Matthews, walioteuliwa wa kwanza kati ya vijana wote waliochaguliwa na klabu za NHL, ligi kuu ya hoki, mwaka 2007 na 2016, walipitia programu hiyo.

Lubumbashi haina barafu, lakini ina pande zote mbili za mechi ya namna hiyo. Tuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa taasisi nyingine za juu, na tuna vijana wanaofundishwa mpira kwa utaratibu, kama wale wa Katumbi Football Academy iliyofunguliwa mwaka 2012 chini ya klabu ya TP Mazembe.

Anza na barua. Ndani yake taja lengo la mechi kwa sentensi moja, kisha uombe upande wa pili ueleze lengo lake, na msiendelee mpaka malengo hayo mawili yamekubaliana. Chagueni tarehe katika majira ya kiangazi, baada ya mvua kukatika, lakini muepuke majuma ya Exetat, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa kuwa vijana wengi wa akademia ni wanafunzi wa sekondari. Kisha ombeni orodha ya wachezaji yenye mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja, ruhusa ya mzazi iliyotiwa sahihi, na namba ya simu ya mzazi huyo. Katika mechi moja niliyosimamia, orodha ilikuja na majina matupu. Kijana mmoja aligongana na beki wetu aliyemzidi uzito mno, akaumia bega, na hakuna hata mmoja uwanjani aliyejua jinsi ya kumpata mama yake, hata tukakaa naye mpaka jioni. Tangu siku hiyo sikubali mechi ianze kabla sijaishika orodha kamili mkononi.

Sehemu inayostahili kufikiriwa zaidi ni mpangilio wa mchezo wenyewe. Hoki huchezwa kwa vipindi vitatu vya dakika 20, na ninaona kwamba vipindi vitatu vinafaa sana hata katika mpira wa miguu wa kirafiki, kwa mfano vya dakika 30 kila kimoja. Kipindi cha kwanza kila kocha anapanga kikosi chake bora, cha pili anaingiza wa akiba, na cha tatu anachanganya kwa kadiri ya aliyoyaona. Hii si kanuni ya mpira wa miguu, kwa hiyo mwamuzi aelezwe mapema na akubali. Kuhusu mabadiliko ya wachezaji, kanuni zenyewe zinaruhusu idadi kubwa zaidi katika mechi za kirafiki, ikiwa timu zote mbili zimeafikiana juu ya idadi hiyo na mwamuzi amejulishwa kabla ya kuanza. Msimsahau kipa wa pili, maana huyo ndiye anayekaa benchi msimu mzima, na mechi isiyo na pointi ndiyo nafasi yake ya kudaka kipindi kizima.

Kocha wa chuo azungumze na wachezaji wake juu ya miili yao. Wasiwarukie vijana kwa mabega, lakini pia wasilegeze mchezo, kwa sababu kumwachia kijana ushindi ni kumnyima kile alichokuja kukitafuta. Wambane kwa mbio, kwa pasi na kwa kuziba nafasi. Kama wanafungwa hata hivyo, basi wamefungwa, na kocha amepata habari aliyoihitaji.

Mtu mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza awepo, na gari liwe tayari karibu na lango. Aliyegongwa kichwani na kuonyesha dalili za kizunguzungu atoke na asirudi siku hiyo, hata akisihi. Nauli ya vijana na chakula baada ya mechi vitengwe kabla ya kufikiria viingilio. Sahani ya bukari (ugali) na samaki, wakubwa na wadogo wakila pamoja, huwapa nafasi ya kuulizana maswali ambayo uwanjani hayaulizwi.

Mechi ikiisha, makocha wawili wakae kando kwa nusu saa na kumtaja kila mchezaji kwa jina. Ndani ya siku mbili chuo kiipelekee akademia karatasi inayoonyesha dakika alizocheza kila kijana, pamoja na neno moja au mawili ya kocha juu yake, na chini ya karatasi hiyo kipendekeze tarehe ya marudiano.