Chonga mtafute angali buu, kwenye gogo

Kuti jipya la mnazi likifunguka na pengo la pembetatu, kama lililopitishwa mkasi, mharibifu alishaondoka zamani. Chonga alipenya usiku kwenye moyo wa mnazi, akalitafuna kuti likiwa bado limekunjwa. Wewe unaiona kazi yake wiki kadhaa baadaye, na ndipo wengi wetu huku pwani tunapoulizia dawa ya kupulizia.

Chonga mzima ni mdudu mweusi wa sentimita 4 hivi, mwenye pembe kichwani. Huyo ndiye anayetoboa. Buu wake hana habari na mnazi ulio hai. Chakula chake ni mti uliooza na samadi. Ni kinyume cha viwavijeshi wa mahindi, ambao kiwavi ndiye mlaji na nondo wake haharibu kitu. Basi wapo wanaomwona buu wa chonga na kumwacha, kwa kuwa hajawaharibia chochote. Hapo ndipo wanapokosea. Buu hana mbawa, hukaa ndani ya gogo miezi mitatu au minne, wakati mwingine zaidi, akiwa pamoja na wenzake. Mzima anaruka gizani, juu ya mti wa mita 15. Nani rahisi kumkamata?

Chukua shoka ulipasue gogo lililolala mwaka mzima. Ndani utakuta unga wa kahawia, una majimaji kama majani ya chai yaliyokwisha chemshwa. Ndani ya unga huo wamejikunja mabuu weupe, wanene kama kidole gumba, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa, na nyuma pameiva weusi kwa chakula kilichojaa tumboni. Ukikuta kiota kilichokazwa kwa nyuzi za mti, fungua: humo yumo bundo, yaani buu anayegeuka kuwa mdudu mzima, wiki chache tu kabla ya kuwa chonga. Kuku hawatasubiri uwaite.

Mnazi uliokufa umesimama ni hatari zaidi kuliko unavyodhani, maana chonga hutaga hata juu kwenye shina linalooza. Uangushe. Lundo la samadi nalo ligeuze kila baada ya wiki mbili tatu huku ukiokota mabuu, na lisikae karibu na kitalu. Mche mdogo ukitobolewa moyo haupati nafasi ya pili.

Kwenye miche, pita asubuhi ukiangalia tundu lenye makapi mabichi ya nyuzi zilizotafunwa. Chonga bado yumo. Mtoe kwa waya mgumu uliokunjwa ncha kama ndoana, polepole, usije ukaujeruhi moyo wenyewe. Kisha mimina mchanga kwenye makwapa ya makuti ya juu. Hapendi kupita penye mchanga.

Tatizo hubaki shamba la jirani aliyehamia mjini akaacha magogo yake. Chonga hajui mpaka. Pigeni simu, ombeni ruhusa, ingieni siku moja wote na mashoka. Gogo bichi lisilowaka usilimwagie mafuta ya taa bure: lipasue vipande virefu, vianikwe kwenye jua la kaskazi, mvichome mwezi unaofuata.